Fundi Ajibu: i5 ya Kizazi cha Pili au i3 ya Kizazi cha Tatu?

Tangu shule zifungwe, kila anayenijia kibandani yuaja na swali lile lile, nguo tu ndizo hubadilika. Mezani kuna kompyuta mbili za mtumba, moja ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5-2400 na nyingine Core i3-3220. Achukue ipi? Haya hapa maswali ya wiki hii.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tudor, Mombasa. Muuzaji ashikilia kwamba i3 ndiyo bora kwa kuwa ni kizazi cha tatu, na i5 ni kizazi cha pili tu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Muuzaji hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-2400 ilitoka Januari 2011, i3-3220 ikaja Septemba 2012. Sasa muulize zilipokuwa mpya Intel waliziuza kwa kiasi gani. i5 ilikuwa dola 184, i3 dola 117. Waliozitengeneza walijua ipi ni ipi.

Tofauti yenyewe ni ya jikoni. i5 ile ina kori nne, sehemu za prosesa zinazofanya kazi, yaani wapishi wanne, kila mmoja na jiko lake. i3 ina wapishi wawili tu, ila ni wapishi wa harusi waliokomaa: mmoja akingoja maji ya wali yachemke, ashika kisu akate vitunguu vya sufuria nyingine. Ndiyo maana Windows hukuonyesha vijisanduku vinne hata kwenye i3. Ujanja huo wasaidia kweli, lakini mikono ni ya watu wawili, na biriani ya watu mia haiivi kwa ujanja.

Kwa kazi moja nyepesi, mfano kuandika insha, hutaona tofauti. Kwa mwendo, i3 haipandi zaidi ya gigahezi 3.3, i5 huanzia 3.1 na kupanda hadi 3.4 ikihitajika. Hapo ni sare. Lakini mwanafunzi gani hufungua kitu kimoja? Una hati ya Word, kurasa kumi na tano za intaneti, antivairasi yapekua kimyakimya, na YouTube juu yake. YouTube siku hizi hutuma video nyingi kwa mfumo wa VP9, na chipu zote mbili zilitoka kabla ya mfumo huo, hazina sehemu maalumu ya kuufungua. Kazi yote yaangukia kori, na i3 huanza kuhema.

Kwa bei sawa, chukua i5 bila kuuliza tena. Ikiwa i5 imezidi kwa kiasi kinachotosha kununua SSD ndogo (diski ya kasi isiyozunguka), chukua i3 uitie hiyo SSD. Kwa nini, soma jibu linalofuata.

Kaka, nina saiba Kisauni, mashine sita, zote i3-3220. Wateja wa iTax na eCitizen, yaani kodi na huduma za serikali mtandaoni, wanalalamika ni nzito hadi wanahamia kwa jirani. Nizibadilishe zote ziwe i5?

Dada, usibadilishe hata moja kabla hatujajua mgonjwa ni nani. Wasomaji wengine wajue kwamba nilipita kwake Jumanne. Niliketi kwenye mashine ya dirishani, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha la Windows linaloonyesha nini kinachoichosha kompyuta. Prosesa ilikuwa asilimia ishirini na kitu, imetulia. Diski ilikuwa 100 na haikushuka. Ni ile diski ya kuzunguka, yakwaruza ndani kama kuku aliyepata changarawe. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni kijiti kimoja cha gigabaiti 4, nafasi za pembeni tupu.

Tulitia SSD ya gigabaiti 120 na kijiti cha pili kinachofanana na cha kwanza. Vikiwa viwili, prosesa huchota kumbukumbu kwa njia mbili badala ya moja, na picha za kwenye skrini hunufaika zaidi kwa sababu chipu hizi huazima RAM hiyo hiyo kuchora. Kabla ya hapo mashine ikiwashwa nilimaliza kikombe cha kahawa tungu. Baada ya hapo hata kashata sikufikisha mdomoni.

Kulikuwa na jambo la pili. Feni ilikuwa imevaa koti la vumbi, na vumbi letu la pwani lina unyevu na chumvi, hushika kama uji. Ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupoozea ilikuwa imekauka kama ukoko. Prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue, kwa hiyo wakati wa kaskazi mashine isiyosafishwa huwa nzito mchana na nyepesi usiku, watu wakadhani ni jini. Safisha, futa dawa ya zamani, tia mpya kiasi cha punje moja ya mbaazi. Nimesema punje, si bakuli la mbaazi za nazi. Kuna mafundi hupaka kama siagi ya mkate.

Zimebaki mashine tano. Anza nazo hizo, habari ya i5 tutazungumza mwakani.

Nasikia i5-2400 hula tokeni za umeme vibaya. Kwenye maelezo imeandikwa wati 95, i3 ni 55. – Baba watoto, Changamwe

Namba hizo zaeleza joto ambalo chuma na feni lazima viweze kuliondoa chipu ikifanya kazi kwa nguvu zote. Ikiwa haina kazi, zote mbili hulala na tofauti huwa ndogo mno. Tuseme basi uichoshe saa 8 kutwa, siku 26 za mwezi: wati 40 za tofauti zafika kama yuniti 8. Kwa kompyuta moja ya nyumbani, na hutaichosha hivyo, friji yako ndiyo ya kuulizwa. Palipo na mashine nyingi kwenye betri au sola, hapo i3 yashinda kwa haki na sibishani.

Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 yenye i3-3220. Rafiki yangu wa Likoni aniuzia chipu ya i5-2400 peke yake. Itaingia?

Itaingia, zote hukaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) ya LGA 1155. Lakini kwa mashine yako ningetafuta i5-3470: kori nne vilevile, gigahezi 3.2 hadi 3.6, wati 77. Ni chipu ya kizazi kile kile cha i3 yako, na bodi ya 7010 yaijua. Ikiwa kasha lako ni lile dogo kabisa, hakikisha kwanza kupoozea kwake kunaweza wati hizo. Mwenye OptiPlex 790 asijaribu kinyume chake, bodi ile ni ya kizazi cha pili na cha tatu haikitambui.

Na mkono uwe mwepesi. Kwenye soketi hizi vipini viko kwenye bodi, si kwenye chipu, navyo ni vyembamba kama nywele. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii chipu iliniponyoka, vipini vitatu vikalala. Nilivinyoosha adhuhuri nzima kwa sindano ya bibi yangu ya kushonea kofia. Kompyuta iliwaka, nikashangilia, kumbe nafasi moja ya RAM haisomi tena. Njia za RAM hupita kwenye vipini hivyo hivyo.

Ipi kati ya hizi itapokea Windows 11?

Hakuna. Microsoft wataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kwa mashine inayoingia benki kupitia intaneti mimi huweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Wazee huizoea kwa siku mbili. Vijana ndio hulalamika.

Kibandiko cha mbele chasema i5, lakini mpwa wangu asema ndani si i5. Nitajuaje? – Mama, Bamburi

Mama, mpwa wako ana akili. Kibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Kabla hujatoa hela iwashwe mbele yako, ubonyeze zile Ctrl, Shift na Esc, ufungue sehemu ya utendaji. Jina la prosesa liko juu kulia, na chini imeandikwa idadi ya kori. Ukiona kori 2 kwenye kitu kinachoitwa i5-2400, rudisha pochi. Nami yalinikuta, miaka hiyo bado nanunua kwa haraka jua likitua: nje i5, ndani i3, na aliyeniuzia alishafunga duka. Kibandiko chenyewe nilikibandua, nimekibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la bisibisi. Wateja hudhani sanduku lina prosesa.