Udi wa Mwanakheri ulivyoniaibisha: kwa wenzangu mnaoandika hadithi zenye wanamuziki

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza hivi: "Dada, kwenye hadithi yangu kuna kijana anapiga zeze la kichawi. Niandikeje watu waamini?" Nikaanza kumjibu mistari miwili kwenye simu, nikashtukia vidole vinauma na chai imepoa. Jibu lenyewe lina kidonda changu ndani yake, basi acha nilitoe hapa mlisome wote.

Wanaonifuata tangu zamani wanajua nauza hadithi yangu ya ufalme wa kisima kwa sehemu, WhatsApp, shilingi elfu moja kwa mwezi. Sehemu ya 27 ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwanakheri anaingia kwenye pango la ufukweni, anaukuta udi wa bibi yake (ile ala ya nyuzi ya taarab, siyo udi wa kufukiza) uliofichwa humo miaka arobaini, maji ya bahari yakijaa na kupwa juu yake. Anaufuta vumbi (ndiyo, vumbi, kwenye pango la maji), anaupiga, jeshi zima linalala usingizi. Niliituma saa tatu usiku. Mioyo myekundu ikamiminika. Nikalala kama malkia.

Asubuhi nikakuta sauti ya dakika tatu, imetumwa hapo hapo kwenye kundi, mbele ya watu wote. Mzee wa Unguja, hata picha hana.

"Assalaam aleikum mwanangu. Hadithi yako tamu, nakusoma mimi na mke wangu. Lakini hebu nambie, huo udi umekaa pangoni miaka arobaini, halafu mtu anautoa na kuupiga hapo hapo? Gundi haikuachia? Nyuzi za utumbo hazikuoza? Vigingi vya kukazia nyuzi havikuvimba? Sie hapa masika ikinyesha usiku mmoja, asubuhi tunahangaika na nyuzi, na ala ililala ndani ya kabati."

Kufika saa nne mtu ameshatengeneza stika ya udi unaotoa povu. Mpaka leo inazunguka. Nikiiona moyo unachoma, sitawadanganya.

Nikamjibu kwa kiburi: "Shikamoo baba. Hii ni hadithi ya kufikirika, kuna uchawi." Akajibu: "Marahaba. Basi sema uchawi ndio uliokaza nyuzi. Hukusema."

Nilinuna siku nne. Ya tano nikaona aibu, maana alisema kweli. Nilikuwa nimeandika kurasa sita kuhusu mapanga ya ule ufalme, chuma kinatoka wapi na nani anayafua, lakini ala iliyobeba hadithi nzima niliichora kama kitufe cha redio. Unabonyeza, sauti inatoka.

Sitawachosha na habari za boti ya kwenda Unguja kwa huyo mzee wala nilivyotapika. Nilifika nyumbani kwao, mtaa wa Ng'ambo, mkewe akanipa kahawa na kashata, mzee akautoa udi kwenye mfuko wa kitambaa. Ninyi waandishi, shikeni ala kabla ya kuiandika. Mimi nilikuwa nadhani udi ni mzito. Ule mgongo wake ulioumuka kama nusu ya boga umeunganishwa kwa vipande vyembamba vya mbao, ukiubeba unahisi umebeba kikapu kitupu. Nikaelewa papo hapo kwa nini Mwanakheri hawezi kumpiga nao askari kichwani, kama nilivyoandika sehemu ya 31.

Wake ulikuwa na nyuzi kumi na moja: jozi tano, na mmoja mnene wa peke yake juu. Nilitegemea aanze kupiga. Hakupiga. Alichomoa kigingi kimoja, akakipaka kipande cha sabuni kavu, kisha chaki, akakirudisha. Sabuni ili kizunguke, chaki ili kisiteleze kikarudi. Halafu akaweka kidole juu ya uzi mmoja wa jozi ili unyamaze, akaupiga mwenzake, akaukaza taratibu mpaka akaridhika. Akakiondoa kidole, akapiga zote mbili.

"Sikiliza," akasema. "Zinagombana."

Kweli sauti ilikuwa inatetemeka, waa-waa-waa-waa, kama mtu anaimba juu ya pikipiki. Akagusa kigingi, mguso tu. Waa... waa... Akagusa tena. Waaa... kisha ikatulia, uzi mmoja na wa pili vikawa kitu kimoja, na mbao zote za udi zikaitikia hata mimi nikausikia mtetemo kwenye mkeka. Baadaye nilijifunza kwamba ule mtetemo una hesabu yake: uzi mmoja ukitikisika mara 440 kwa sekunde na mwenzake 443, utasikia mawimbi matatu kila sekunde. Lakini pale Ng'ambo sikuhitaji hesabu. Nilikuwa na machozi, na wimbo haujaanza.

Hapo ndipo nilipoiona sehemu ya 27 mpya. Sasa msikilizeni dada yenu.

Kutyuni, yaani kuzilinganisha sauti za nyuzi, ni tukio. Lipeni nafasi yake. Linataka muda, linataka ukimya, na adui hakupi vyote viwili. Mwanakheri wangu mpya amekaa gizani, maji yanapanda, askari wanakuja, na kigingi cha tatu kinarudi nyuma kila akikiachia. Anakwangua chokaa ya ukuta wa pango apate cha kukipaka. Mate anayo, sabuni hana. Hiyo ni kurasa nne za jasho ambazo mwanzo nilizitupa bure! Na nyuzi mpya, wapendwa, hazikai. Unazikaza, zinavutika, zinashuka, unazikaza tena, siku ya kwanza na ya pili na pengine ya tatu. Kwa hiyo mtu akifunga nyuzi mpya asubuhi ya vita, mfanye ajue anacheza kamari.

Jambo jingine ni nyuzi zenyewe. Nailoni ni ya miaka ya 1930, na kwenye ala za muziki ilianza kuzoeleka miaka ya arobaini. Kabla ya hapo watu walitumia utumbo wa kondoo, hariri, kano za ng'ombe. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, zamani zilikuwa za kano, siku hizi wengi wanafunga mshipi wa kuvulia samaki. Inanga ya Burundi na Rwanda ni kamba moja ndefu inayopitishwa huku na huko juu ya ubao uliochimbwa kama sinia, uzi mmoja unaotoa sauti nyingi. Mtu atakayeandika hadithi juu ya hilo na asinipe heshima yangu, tutaonana. Ila nawaomba: kama ufalme wako hauna kiwanda, nyuzi zako huenda zimetoka kwenye mnyama, na kitu kilichotoka kwenye mnyama kinajua mvua imenyesha.

Halafu msipandishe sauti mpaka mbinguni. Niliwahi kuandika "akazikaza nyuzi mpaka sauti ikapanda maradufu". Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ili uzi ule ule upande oktavu nzima (huko ndiko kupanda maradufu) unahitaji kukazwa kwa nguvu mara nne ya ulivyokuwa, na kabla hujafika huko umekatika na kukuchapa usoni. Ukitaka sauti ya juu, fupisha uzi kwa kidole: ukikatiza katikati kabisa, umepata oktavu yako bila damu. Na jitu lenye zeze la urefu wa mnazi litanguruma chini kabisa, haliwezi kuimba kama kinanda cha mtoto.

Swali lililonitoa jasho zaidi ni hili: wanamuziki wako wanapotyuni, sauti ya kwanza wanaitoa wapi? Sisi tuna programu kwenye simu, na ile 440, mitikisiko kwa sekunde ya noti ya kulinganishia, ilikubaliwa kwenye mkutano London mwaka 1939. Ufalme wako haukuhudhuria. Nilimuuliza mzee, akaniambia zamani kwenye kundi lao la muziki hawakubishana, walifuata akodiani, kwa sababu akodiani haikazwi wala hailegezwi. Fidla, udi, kanuni yenye nyuzi zaidi ya sabini, vyote vinamnyenyekea huyo mmoja asiyebadilika. Nilipenda mno. Kwenye ufalme wa kisima sasa kuna zumari la pembe lililorithiwa, na kila ala ya nchi hulinganishwa nalo. Likiibiwa, baada ya miaka michache miji miwili haiwezi kupiga ngoma moja. Vita vyangu vya kitabu cha pili vimetoka hapo, kutoka kwenye akodiani ya Ng'ambo, siyo kwa jaji mmoja wa shindano aliyewahi kuniandikia kwamba "muziki ni pambo, upunguzwe". Nimeitunza barua yake.

Kwa hiyo dada wa zeze, usianze na uchawi. Anza na kigingi. Uchawi uingie pale kigingi kinaposhindwa, na useme umeingia. Mkigoma kunisikiliza mimi basi angalau kaeni nusu saa na mtu anayepiga kitu, hata gitaa la kanisani, mumwangalie anavyotyuni na sura anayoweka. Wote wanaweka sura ile ile, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

Sehemu ya 27 niliiandika upya na kuituma bure kwa kila mtu. Wapo waliolalamika kwamba imekuwa ndefu, Mwanakheri anachelewa kupiga. Wengine walisema walishikilia pumzi mpaka kigingi cha tatu kilipokubali. Mzee alikaa kimya siku mbili, nikawa nachungulia simu hata jikoni. Kisha ikaja sauti ya sekunde ishirini.

"Udi umekaa sawa, mwanangu, Mungu akubariki. Lakini hilo jahazi la sehemu ya 28, lilitweka tanga kwenda Arabuni mwezi wa kaskazi, upepo ukitoka huko huko? Nahodha wako nani?"

Sijamjibu bado.