Kabla hujapeleka bahasha madhabahuni

Jumapili moja nilipanda mbele na bahasha ya laki mbili. Mhubiri mgeni alikuwa ameitisha sadaka ya kujimaliza, nami nikajimaliza kweli. Nilipogeuka kurudi kwenye benchi, macho yakagongana na ya mdogo wangu, kakaa na kwaya, sauti ya tatu. Alikuwa ananidai laki moja na nusu tangu Machi, na simu zake nilishaacha kupokea. Akainamia kitabu chake cha nyimbo.

Wiki hiyo nilirudia Mathayo 5:23-24. Ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda mkapatane kwanza. Tunaisoma haraka mno. Waliokuwa wakimsikiliza Yesu walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Hekaluni, Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hebu fikiria: unamwacha mwanakondoo pale, unashuka hadi Kapernaumu kumtafuta mtu, halafu unapanda tena!

Kuna na kile kisa cha mfalme Daudi (2 Samweli 24) ambacho hakikosi kuhubiriwa siku ya michango. Daudi alitaka kujenga madhabahu kwenye uwanja wa kupuria nafaka wa mtu aitwaye Arauna, naye Arauna akataka kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa kutoa sadaka isiyomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha. Kinachorukwa ni kwamba fedha hiyo iliingia mkononi mwa Arauna. Mwenye mali alilipwa kwanza, madhabahu ikajengwa baadaye.

Sisemi usitoe. Waraka kwa Waebrania unatuambia Kristo alijitoa mara moja tu, na hatuchinji tena. Sadaka iliyobaki kwetu ni sifa, kutenda mema na kushirikiana tulivyo navyo (13:15-16). Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kawaida sana: Jumamosi jioni, kabla hujapiga pasi nguo za ibada, pitia simu yako. Nani amekupigia mara tatu hujapokea? Mama wa dukani? Fundi aliyekushonea sare za watoto? Anzia hapo. Kama huna yote, peleka nusu, na upeleke mwenyewe, usimtume mtoto.

Mimi nilimlipa mdogo wangu kwa awamu tatu. Ya mwisho nilimpelekea nyumbani, akahesabu noti mbele yangu, zote, bila haraka. Kisha akamwambia mkewe aongeze maji kwenye chai. Kesho yake kapu lilipopita nilikuwa na elfu mbili tu.