Bingwa wa Figo Si Mtu wa Mashine Tu

SUALI: Assalaam alaykum. Ami yangu ana presha na sukari kwa miaka mingi. Amepimwa damu, akaambiwa kreatinini (taka ya damuni ambayo figo huichuja) imepanda na aende Unguja kwa bingwa wa figo, lakini anakataa safari kwa kuwa amesikia kwamba anayefika huko huishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Bingwa huyu amesomea nini hasa, naye ana tofauti gani na daktari wa mkojo?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Mashine ni sehemu moja tu ya kazi ya bingwa huyu, na sehemu kubwa ya siku zake hupita katika kumchelewesha mgonjwa asiifikie. Wanaoanzia kwenye mashine siku ile ile ya kwanza aghalabu ni wale waliokaa nyumbani mpaka miguu ikavimba na pumzi zikawa za shida.

Kwa masomo, hapa Tanzania huanza na miaka 5 ya udaktari na mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, kisha kwa kawaida miaka 3 ya uzamili katika magonjwa ya ndani, na baada ya hapo ndipo hubobea kwenye figo, Muhimbili au nje ya nchi. Yeye hapasui. Mawe na tezi dume ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa njia ya mkojo, ingawa wawili hao huitana mara kwa mara: kichocho, ambacho Pemba tunakijua tangu skuli kwa mkojo wenye damu, huweza kuacha makovu katika mirija inayoshusha mkojo kibofuni, mkojo ukarudi juu na kuiharibu figo.

Ami yako atabonyezwa muundi kwa kidole gumba, na kishimo kikibaki, daktari atajua kuwa maji yamejaa mwilini. Mkojo utapimwa protini. Kreatinini, ikichanganywa na umri na jinsia, itatoa makadirio ya kasi ambayo figo huchuja damu, na namba hiyo muiulize na kuiandika: ikiwa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu, na ikishuka chini ya 15, figo zinahesabiwa kuwa zimeshindwa. Baina ya namba hizo mbili mna nafasi kubwa ya tiba, kwa kudhibiti sukari, kupunguza chumvi (ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, kwa masikitiko yetu, imo), na kutumia dawa za presha ambazo baadhi yake hupunguza pia protini inayovuja.

Ikibidi kusafishwa damu, huduma ipo hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kwa kawaida huwa mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Upandikizaji wa figo nao unafanyika nchini tangu Novemba 2017, ulipoanza Muhimbili.

Ami apande boti na vipimo vyake vyote vya nyuma, pamoja na dawa zenyewe ndani ya mfuko, si majina yake ya kukumbuka. Asifiche diklofenaki na ibuprofeni anazonunua dukani kwa ajili ya magoti, wala mitishamba, kwani hayo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo atakayoulizwa.