Mgombea mwenza: uzoefu haupimwi kwa kujumlisha miaka

SWALI: Chama chetu ni kidogo. Mgombea wetu wa urais anatoka Bara, ana miaka 44 na hajawahi kuwa waziri. Kwa nafasi ya mgombea mwenza tumebakiwa na majina mawili, yote ya Zanzibar. Wa kwanza ana miaka 71, alikuwa katibu mkuu wa wizara kwa miaka 11, kisha balozi kwa miaka 8. Wa pili ana miaka 52, ni mwalimu, alikaa Baraza la Wawakilishi kipindi kimoja cha miaka mitano kwenye kamati ya hesabu za serikali. Mshauri tuliyemlipa ametuletea jedwali: kila mwaka wa ukatibu mkuu alama 4, ubalozi 3, uwakilishi 2. Mzee anaongoza kwa alama 68 dhidi ya 10. Anasema uzoefu huo utafidia upungufu wa mgombea wetu. Tufunge mjadala?

JIBU: Msifunge. Na hilo jedwali lizuieni kabla halijawafikia wajumbe wa mkutano mkuu, maana likishaanza kuzunguka kwenye simu zao hakuna atakayesoma kitu kingine.

Hesabu yake ni sahihi. Kilichoharibika ni hilo neno "kufidia", nalo nakutana nalo kila msimu wa uteuzi. Uzoefu si mchele, kwamba wako ukipungua unaazima kibaba kwa jirani. Rais akisaini, amesaini yeye. Kama pengo la mgombea wenu ni uchumi, huzibwa na waziri wa fedha na washauri atakaowateua. Kama ni kusukuma kazi za serikali za kila siku na kuzisimamia bungeni, Katiba imempa Waziri Mkuu kazi hiyo. Kumtafuta Makamu wa kuziba mapengo hayo ni kuajiri fundi umeme kwa sababu bomba linavuja.

Swali la kwanza ni: uzoefu huo ukafanye kazi gani? Ibara ya 47 imezitaja kazi zenyewe: kumsaidia Rais kufuatilia mambo ya Muungano siku hadi siku, kufanya atakayoagizwa na Rais, na kushika kazi za Rais anapokuwa hayupo kazini au yuko nje ya nchi. Ya nne iko Ibara ya 37(5): kiti kikiwa wazi, Makamu anaapishwa na kumalizia muda wote uliobaki. Mwaka 2021 Watanzania tuliona muda huo unavyoweza kuwa mrefu. Rais Magufuli alifariki 17 Machi, Makamu akaapishwa siku mbili baadaye, na kipindi kilikuwa kimebakiza zaidi ya miaka minne.

Sasa lipelekeni jedwali la mshauri wenu kwenye historia yetu wenyewe. Dk. Omar Ali Juma aliingia umakamu mwaka 1995 akitokea Uwaziri Kiongozi wa Zanzibar, yaani ukuu wa shughuli za serikali ya huko, na Dk. Bilal, aliyeingia 2010, naye aliwahi kushika cheo hicho. Samia Suluhu Hassan hakuwahi. Kwa ngazi ya vyeo angekuwa nyuma yao wote wawili. Lakini kabla ya 2015 alikuwa amepita uwaziri wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kisha miaka mitano ya uwaziri wa nchi katika Ofisi hiyohiyo ya Makamu wa Rais akishughulikia Muungano, na mwaka 2014 alikuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba. Yaani mafaili ya kazi aliyokuwa anaiendea alikwisha kuyashika kwa mikono yake. Jedwali la kujumlisha miaka haliwezi kuliona hilo.

Kwa hiyo miaka 11 ya mzee wenu haina maana mpaka mjue ilikuwa wizara gani, ya Serikali ya Muungano au ya SMZ. Katibu mkuu ni afisa masuuli, yaani ndiye anayejibu kuhusu fedha za wizara: chukueni ripoti za ukaguzi za kila mwaka aliokaa, muangalie hoja za wakaguzi zilizojirudia miaka mitatu mfululizo. Hoja moja ni bahati mbaya. Ikijirudia mara tatu, huyo ndiye yeye. Ubalozi unafundisha itifaki na subira, mambo yenye faida Makamu anapomwakilisha Rais, ila balozi kazi yake kubwa ni kufikisha msimamo ulioamuliwa makao makuu. Kama hakuna uamuzi wake mwenyewe wa kuonyesha katika miaka hiyo minane, msiuhesabu kama uongozi. Kwa mwalimu, someni kumbukumbu za vikao vya Baraza. Aliuliza nini? Alifuatilia jibu kikao kilichofuata, au aliridhika na "Serikali inalifanyia kazi"?

Kisha wapeni mtihani uleule, kila mmoja peke yake, dakika 90, majalada matatu. La kwanza liwe la Muungano, kwa mfano bidhaa iliyolipiwa kodi Zanzibar inadaiwa tofauti ya kodi ikifika bandari ya Dar es Salaam. La pili, maafa yanatokea Rais akiwa safarini. La tatu, waziri anamjia kaimu wa Rais akitaka mwenzake aondolewe. Hilo la tatu ni mtego: anayekaimu haruhusiwi kumwondoa waziri, kuvunja Bunge wala kufuta uteuzi uliofanywa na Rais. Msitafute majibu mazuri. Sikilizeni anauliza nini kwanza, na anataka kumpigia nani simu. Aliyewahi kubeba mzigo huuliza "nani mwingine ameshaona jalada hili?" kabla hajatoa maoni.

Bila kuona majibu hayo sitawachagulia. Kwa maelezo mliyonipa, pengo la alama 58 mnaloogopa halipo. Mwalimu aliyekaa miaka mitano akihoji hesabu za serikali ana jambo la kusema kuhusu mgawanyo wa mapato ya Muungano, na mzee huenda hana, kama wizara yake haikugusa eneo hilo. Huenda pia ikawa kinyume chake.

Kuna jambo ambalo hakuna mshauri wa kukodi anayelitaja, kwa kuwa haliuziki. Uzoefu wa Makamu hufa akifungiwa nje. Harry Truman alikuwa na miaka 10 ya Seneti ya Marekani alipoingia umakamu. Rais Roosevelt alifariki siku 82 baadaye, 12 Aprili 1945, na maelezo kamili ya bomu la atomiki Truman aliyapata akiwa tayari Rais, tarehe 25. Walter Mondale, makamu wa Jimmy Carter, alijifunza. Desemba 1976, kabla ya kuapishwa, alimwandikia Carter waraka wa namna watakavyofanya kazi, akapata ofisi ndani ya West Wing, jengo la Ikulu ya Marekani lenye ofisi ya Rais, taarifa zilezile za usalama anazosoma Rais, na chakula cha mchana cha wawili kila wiki. Andikeni ukurasa mmoja kama huo kabla ya kutangaza jina. Mgombea wenu akikataa kuusaini, kutafuta mwenza mwenye uzoefu ni kupoteza muda.

Watu hawa wanaouza majedwali wananikasirisha kwa sababu wanawapa viongozi ruhusa ya kutochunguza. Namba ikishapatikana, hakuna anayekwenda masjala, hakuna anayemuuliza dereva au katibu muhtasi wa zamani, na vyeti vya daktari vinaonekana utovu wa adabu. Mwaka 1972 George McGovern, mgombea urais wa Democratic huko Marekani, alimtangaza Thomas Eagleton kuwa mgombea mwenza baada ya saa chache za kupigiana simu. Ilipojulikana kuwa alikuwa ametibiwa hospitalini kwa sonona bila kambi ya McGovern kuambiwa, akajitoa siku ya 18. Hapa kwetu, mwaka 2005 mgombea mwenza wa Chadema, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki siku chache kabla ya kura ya 30 Oktoba, na uchaguzi ukasogezwa hadi 14 Desemba. Kifo hakina ratiba, lakini chama kinachomsimamisha mtu wa miaka 71 bila kumpima kimejitakia mashaka.

Tengeni wiki sita. Mbili za kwanza ni za nyaraka: kuzaliwa, uraia, na kwamba hajatiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka mitano iliyopita. Vipimo vya afya vifanyike wiki hizohizo, kwa wote wawili, huyo wa miaka 52 pia.