Dubai hadi Guangzhou: ni saa saba, si kumi na moja

Dada, umeuliza mbona tiketi inaonyesha kama utakaa angani saa 11. Hapana. Muda unaoandikwa ni wa kila mji, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne. Ukiruka saa nne asubuhi, utatua saa tatu usiku ya kule, lakini utakuwa umeruka saa saba tu. Umbali ni karibu kilomita 5,800.

Kurudi ni takriban saa nane, kwani upepo wa juu huvuma kuelekea mashariki; ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Beba sweta kwenye begi la mkononi, kile kiyoyozi hakina huruma. Na hoteli waambie mapema kwamba utafika usiku.