Miaka 12 Baada ya Kuchomwa Leza ya Macho

Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, tiba hii ya leza huitwa "kuchomwa jicho", na jina hilo peke yake limewafanya wagonjwa wengi wa kisukari waahirishe safari ya hospitali mpaka wakachelewa. Siwalaumu, kwa sababu leza huchoma kweli. Mimi nilichomwa macho yote mawili mwaka 2013, mwaka ule ule ambao watu walimiminika Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tarehe 3 Novemba kutazama jua likipatwa, huku wakionywa wasilikodolee bila kinga. Nilicheka baadaye niliposoma kwamba Gerd Meyer-Schwickerath, daktari Mjerumani aliyeanzisha tiba ya kuchoma kwa mwanga retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, alianzia kwenye macho yaliyounguzwa na jua lilipopatwa mwaka 1945.

Kabla ya leza nilikuwa nimekwisha kupoteza mwaka mzima. Duka moja la miwani liliniuzia miwani mara mbili, na hakuna aliyenitia matone ya kupanua mboni ili atazame nyuma ya jicho, ambako ndiko tatizo lilikokuwa. Kisukari huziba mishipa midogo ya damu, retina ikakosa oksijeni na kuchochea mishipa mipya iote, nayo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au hujivuta kama kovu na kuibandua retina. Leza huunguza sehemu za pembeni ili retina ihitaji oksijeni kidogo zaidi na uchochezi ule upungue, huku daktari akiiepuka sehemu ya katikati tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso za watu. Kwa utaratibu uliozoeleka, jicho moja hupigwa alama, yaani vidoa vidogo vya kuungua, 1,200 hadi 1,600, kwa kawaida kwa awamu kadhaa.

Niliambiwa haiumi. Awamu ya kwanza ilikuwa hivyo, lakini katika ya pili kila mwale ulikuwa kama sindano nyuma ya jicho, nami nikajilaumu kwa kutoomba ganzi ya ziada, ambayo ipo na huombwa. Nenda na mtu wa kukushika mkono, kwa kuwa siku hiyo hutaona vizuri wala hutaweza kuendesha gari.

Jambo ambalo ningependa lisemwe waziwazi kabla ya mgonjwa kutia sahihi ni kwamba leza hulinda uoni uliobaki na kwa kawaida hairudishi uliokwisha kupotea. Nilitoka nikitarajia kuona kama zamani, nikakaa miezi nikidhani nimedhulumiwa. Hata hivyo utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba tiba hii hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni kwa kiwango kikubwa, na mimi leo, kwa miwani ya kawaida, nasoma hati za forodha ambazo ndizo zinazonilisha.

Gharama yake iko kwenye uoni wa pembeni na wa gizani. Nilizoea kuondoka Malaba usiku ili nifike Kampala alfajiri, safari ya zaidi ya kilomita 200, lakini baada ya leza msitu wa Mabira uligeuka ukuta mweusi, na taa za malori yanayokuja ziliniacha kipofu kwa sekunde kadhaa. Niliacha kuendesha usiku mwaka 2014, na kusema kweli uamuzi huo uliniuma kuliko leza yenyewe. Sokoni hugongana na watu wanaotokea ubavuni kwangu, nao hunidhania kuwa nina dharau. Anayeishi kwa kuendesha gari amwulize daktari swali hili mapema, apange kazi yake upya kabla ya ajali kumpangia.

Siku hizi zipo pia sindano za dawa za ndani ya jicho, na utafiti uliofuatilia wagonjwa kwa miaka mitano ulikuta uoni wao ukilingana na wa waliopigwa leza. Sizipingi. Lakini sindano hurudiwa mara kwa mara, na anayetibiwa kwa sindano peke yake kisha akapotea kliniki huweza kuharibikiwa vibaya kuliko aliyepotea baada ya leza. Kwa mtu aliye mbali na hospitali, ambaye nauli yake hutegemea mavuno au mizigo ya mpakani, tofauti hiyo ni nzito, naye amweleze daktari hali yake bila haya.

Hata leza haimpi mtu likizo. Niliacha kwenda kliniki kwa miaka miwili, presha ikapanda, na mwaka 2017 jicho la kushoto likavuja damu, nikaongezewa alama nyingine. Tangu hapo hupimwa kila baada ya miezi sita, pamoja na sukari na presha. Ukiona ghafla madoa meusi mengi yakielea, vimulimuli vya mwanga, au kivuli kama pazia kikishuka upande mmoja wa jicho, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie anayekupokea kwamba uliwahi kupigwa leza.