Muulize Mwalimu: Gunia la makala na shimo la mazuku

*Mwalimu, jambo sana. Mimi ninauzisha makala, yaani makaa ya mti, soko la Virunga, huu mwaka wa 14. Mwana wa dada yangu anasoma kemia Bukavu. Amekuja likizo, akapiga gunia teke akasema, "Mama mdogo, hiki unachouza kinakamata gesi ya mazuku, ile inayotoka ardhini na kuua, huko ng'ambo wanakitia kwenye madohani ya viwanda." Basi nina kiwanja upande wa Bulengo, kina shimo ambamo mbuzi wa jirani alifia mwezi uliopita. Na vumbi la makala linanibakia kila siku, hakuna anayelitaka. Nikilimwaga mule shimoni, nitaweza kujenga?*
*Mama Furaha, Goma*

Mama Furaha, usimwage, na usijenge kwanza. Ila kijana hakukudanganya. Amekuletea nusu ya habari, nusu nyingine ameisahau Bukavu.

Leo jioni chukua kipande cha makala kilichopoa, kitumbukize kwenye bakuli la maji, utege sikio. Kitachichiza, na vipovu vyembamba vitapanda mfululizo. Ni hewa hiyo, inatoka vitunduni. Mti ulikuwa na mishipa ya kupandishia maji. Tanuru limekula nyama, likaacha mifupa yenye matundu matupu. Lakini hayo yanayotoa vipovu ni makubwa mno kwa kazi yetu. Gesi ya mazuku ni kaboni dioksidi, na inashikwa vizuri na vitundu ambavyo upana wake haufiki nanomita 1, yaani milimita ukiigawa mara milioni. Molekuli yake ina upana wa nanomita 0.33 hivi. Ikiingia kwenye kitundu chembamba namna hiyo, kuta za pande zote zinaivuta, inatulia. Haikufungwa, imeegemea tu. Ukipasha moto kidogo, au ukiinyonya kwa pampu, inaondoka zake.

Makala ya soko yana vitundu hivyo vichache, na vingi vimezibwa na lami ya moshi. Viwandani wanayaamsha: wanayapasha upya kwa mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 na zaidi, au wanayachanganya na potashi kali kabla ya kuyatia tanuruni. Moto na dawa vinatafuna kuta kutoka ndani. Kinachobaki kinaitwa kaboni amilifu, na gramu 1 yake, ungeweza kuikunjua kama kitenge, ina eneo la mita za mraba 1,000, nyingine hata 3,000. Kijiko kimoja cha chakula kinatandika uwanja mzima wa mpira. (Mhariri ameniuliza kama makala haya ni makala kuhusu makala. Ndiyo, bwana.)

Sasa twende shimoni kwako. Tuseme lina mita 2 kila upande na kina cha mita 2, na gesi imejaa hadi nusu. Kwa mwinuko wetu huu wa Goma, hiyo ni gesi ya kilo 6 hivi. Kaboni amilifu nzuri, katika gesi isiyochanganyika na hewa, inabeba karibu gramu 200 kwa kila kilo moja. Utahitaji kilo 30 na kitu, za maabara, si vumbi la chini ya gunia. Haya, umepata. Usiku ardhi inapumua tena, shimo linajaa tena, na makala yako yameshashiba. Utayatoa uyapashe moto kila asubuhi? Na ile gesi ukiitoa utaipeleka wapi, kwa jirani mwenye mbuzi?

Hapo ndipo nusu ya pili ya habari. Kiwandani huwa kuna minara miwili: mmoja unakula moshi, mwingine unatapishwa, kisha wanabadilishana, mchana na usiku. Gesi iliyotapishwa inashindiliwa kwa mashine na kuzikwa. Norway wanazika chini ya bahari, kwenye eneo la Sleipner, tangu 1996. Iceland wanaichanganya na maji na kuisukuma kwenye mawe ya volkano. Walitangaza mwaka 2016 kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Sehemu nyingi kazi ya kukamata hufanywa na dawa za maji ziitwazo amini, ambazo zinashika kwa nguvu na kwa hiyo zinadai moto mwingi ziachie. Sifa ya kaboni ni kwamba ni rahisi na inaachia upesi. Aibu yake ni hiyohiyo: moshi ukiwa wa moto, au gesi ikiwa chache, inashika kidogo sana, na unyevu nao unaigombania nafasi.

Na kuna hesabu moja ambayo mwana wa dada yako angeanza nayo. Kilo moja ya makala ikiungua kwenye mbabula, lile jiko la makala, inatoa zaidi ya kilo 2 na nusu za kaboni dioksidi, kwa sababu gramu 12 za kaboni zinatoka zikiwa gramu 44 za gesi. Kilo hiyohiyo ikiamshwa badala ya kuchomwa inabeba gramu 200. Magunia yanayopita kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mbele ya mlango wangu kila alfajiri yanatoa gesi nyingi kuliko yatakavyoweza kushika.

Mimi mwenyewe, baada ya lava ya Januari 2002, nilichimba shimo la taka nyuma ya nyumba. Asubuhi moja nikamkuta mtetea wangu amelala humo, manyoya hayajavurugika hata moja. Nilishusha mshumaa kwa kamba. Ulipofika usawa wa goti ulizimika kama umepulizwa na mtu. Gesi hii ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inatuama bondeni, zaidi usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima anapita salama, mtoto aliyechutama haamki. Usitegemee mshumaa, Mama: ukizimika, mahali hapo palikuwa hatari kitambo. Na mtu akianguka shimoni usishuke kumtoa, mtalala wawili. Waite watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, waje na kipimo chao. Wakati huo zungushia miti, na mbuzi wafungwe mbali.

*Mwalimu, mimi ndiye huyo mwana wa dada. Naweza kutengeneza kaboni amilifu nyumbani kwa maganda ya kahawa na potashi?*
*Mwanafunzi, Bukavu*

Maganda ya kahawa yanafaa, vifuu vya mawese pia. Nyumbani hapana. Potashi iliyoyeyuka inakula jicho kabla hujapata maji, na tanuru lisilozibwa vizuri litakuachia majivu. Fanya maabara, na mwalimu wako akiwepo. Halafu pima uzito kabla na baada ya kulisha gesi. Mizani nzuri itakufundisha kuliko mimi.

*Mwalimu, usiku kuna baridi, tunaingiza mbabula chumbani. Nikiweka ndoo ya makala mabichi kando, si yatanyonya ile sumu?*
*Baba Amani, Majengo*

Hayanyonyi. Sumu ya mbabula chumbani ni kaboni monoksidi, gesi nyingine, haina harufu, na makala karibu hayaigusi. Toa mbabula nje usiku huu, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo tu. Ongezeni blanketi.